Kuchora mkono wa mtu: gusa kwanza, penseli baadaye

Bango la kwanza la maana nililolipwa lilikuwa la jimu moja hapa Moshi. Mwenye jimu alitaka mkono tu: umekunjwa, baisepsi imetuna, ngumi imeshika chuma. Nikauchora siku mbili, nikaupaka kahawia, nikauwekea mng'ao begani, nikarudi nyuma hatua kumi kuutazama na kujisifu. Mwalimu wao wa mazoezi akaja, akasimama mbele yake kimya, kisha akauliza: "Fundi, huyu mkono wake ulivunjika ukaungwa vibaya?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akakunja mkono wake mwenyewe, kiganja kikimtazama usoni, na baisepsi ikapanda kama andazi kwenye mafuta. Halafu, bila kukunjua kiwiko, akakigeuza kiganja kitazame nje. Andazi likalala. Kwenye bango langu kiganja kilitazama nje na andazi lilikuwa limesimama wima. Nililipaka upya kwa hela yangu.

Ninachokueleza hapa ni njia niliyojifundisha baada ya aibu ile. Haidai chuo cha sanaa wala maiti ya kupasua, hata kama unakaa mtaa wetu wa Pasua. Inadai mkono wako ule usioshika penseli, chaki, na safari moja ya bucha.

Kwanza tuelewane majina, maana Kiswahili chetu kina ukarimu hapa. Mkono ni wote, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Kiwiko kwa baadhi ya watu wa Pwani ni pale unapovaa saa. Mimi nikisema kiwiko nina maana ya pale unapoegemea mezani ukichoka, na pa kuvaa saa napaita kifundo. Katikati ya hivyo viwili ni kigasha. Juu ya kiwiko nasema mkono wa juu. Kano ni zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Majina ya kihospitali nitayataja mara moja moja, ili siku ukikaa na mwanafunzi wa uuguzi usiachwe njiani.

Vifaa

Penseli HB na 4B, ufutio, kalamu moja ya wino wa bluu na nyingine ya wino mwekundu, chaki nyeupe za darasani, na karatasi nyingi za bei rahisi. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500, na utakapofika ya mia utashukuru kwamba hukununua daftari la wasanii. Taa iwe moja tu na itokee ubavuni: dirisha, tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kikombe, au mshumaa umeme ukikatika. Taa ya darini inafuta kila kitu tunachokitafuta.

Hatua ya 1: chora juu ya ngozi yako

Vaa singlendi, kaa dirishani, chovya ncha ya chaki kwenye maji. Wengine hutumia kalamu ya wino. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu haionekani vizuri, na ile inayoonekana nilitembea nayo siku mbili mjini watu wakiniuliza nimepatwa na nini. Chaki mbichi inakauka ikawa nyeupe pe, na inatoka kwa kitambaa chenye maji.

Anza kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Kulia na kushoto kwake utagusa vichwa vya mitulinga. Ufuate mtulinga mmoja kwa kidole hadi begani, polepole. Utaona haujanyooka: unatoka mbele, kisha unarudi nyuma, kama fimbo iliyopindwa mara mbili. Mwisho wake, juu kabisa ya bega, kuna kipande bapa na kigumu. Hicho si mtulinga tena, ni ukingo wa kombe la bega uliopanda kutoka mgongoni. Ndio paa la bega. Weka alama.

Shuka kwenye kiwiko. Hapo kuna nundu tatu, na ukizijua hizi umeshinda nusu ya vita. Moja iko upande wa ubavu wako, ya pili upande wa nje, ya tatu ni ile kubwa ya nyuma unayoegemea. Weka nukta ya chaki kwenye kila moja, kisha simama na kioo au mwombe mtu apige picha kwa nyuma. Ukinyoosha mkono, nukta tatu zinakaa kwenye mstari mmoja. Ukikunja, ile ya nyuma inashuka na zote tatu zinakuwa pembetatu. Rudia mara kumi. Wachoraji wengi, nami nilikuwa mmoja wao, huchora kiwiko kama goti la suruali, mkunjo tu. Kiwiko ni pembetatu inayofunga na kufungua. Ile nundu ya ndani usiibonyeze kwa nguvu: nyuma yake inapita neva, na ndiyo inayokupiga shoti hadi kidole cha mwisho ukijigonga mlangoni.

Sasa kutoka nundu ya nyuma, teremsha kidole kuelekea kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Utasikia ukingo mgumu chini ya ngozi, bila msuli juu yake, njia nzima hadi kwenye kile kinundu cha duara kinachoonekana kwenye kifundo kiganja kikitazama chini. Upige mstari mmoja mrefu wa chaki. Mstari huu nitaurudia mara nyingi.

Popote penye chaki, mfupa unakaribia ngozi. Kwa mtu mwembamba sehemu hizi zinachomoza kama nundu. Kwa mnene zinageuka vishimo, kwa sababu nyama na mafuta vinajaa pembeni lakini hapo havijai. Ukiyashika hayo utachora mkono wa mtoto wa miezi sita na wa bibi wa miaka themanini kwa ramani moja.

Hatua ya 2: vipimo vya mababu

Kabla ya futi kamba, watu wetu walipima kwa mkono, na vipimo vyao ndivyo bora kuliko vyote kwa mchoraji, kwa sababu mwili unajipima wenyewe. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja. Kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vimetanuliwa, ni shibiri, na shibiri mbili zinafanya dhiraa. Mikono yote miwili ikinyooshwa pembeni ni pima, nayo ni dhiraa nne. Na kwa kuwa pima ya mtu inakaribiana na urefu wake, dhiraa yake ni karibu robo ya kimo chake.

Kwa hiyo ukishachora mtu mzima amesimama, usikisie urefu wa mkono. Gawa kimo chake mara nne, robo moja ndiyo kigasha na kiganja pamoja. Kiganja na vidole vyake ni kama kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Jaribu usoni pako sasa hivi. Mkono ukining'inia, kiwiko kinakaa usawa wa kiuno na ncha za vidole zinafika katikati ya paja. Mkono wa juu ni mrefu kidogo kuliko kigasha. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ukiigeuza mtu wako atafanana na sokwe.

Hatua ya 3: mifupa, kwa wino wa bluu

Ukihesabu kuanzia mtulinga hadi kwenye kucha, upande mmoja una mifupa 32: mtulinga, kombe la bega, mfupa wa mkono wa juu, miwili ya kigasha, na 27 ya kifundo, kiganja na vidole. Usiogope. Kwa mchoro unahitaji maumbo sita tu, na kiganja kizima kihesabu kuwa umbo moja kwa sasa.

Kombe la bega chora kama pembetatu bapa, ncha chini, limelala juu ya mbavu za mgongo. Mtulinga ile fimbo iliyopindwa. Mfupa wa mkono wa juu, ambao hospitalini ni humerasi, una kichwa cha duara kilichogeukia ndani kuelekea kombe, kisha mwili mrefu ulionyooka, kisha chini unapanuka. Pale chini chora bobini ya cherehani iliyolazwa. Pembeni mwa bobini ndipo zilipo nundu mbili za chaki, ya ndani ikiwa imechomoza zaidi kuliko ya nje.

Kigasha kina mifupa miwili, na imepangwa kinyume. Alna, ule wa upande wa kidole cha mwisho, ni mnene kiwikoni na mwembamba kifundoni. Sehemu yake ya juu ni kama kichwa cha spana kinachoibana ile bobini. Taya la nyuma la spana ndiyo nundu unayoegemea. Radiasi, ule wa upande wa gumba, ni mwembamba kiwikoni, una kichwa kidogo bapa kama kifungo, kisha unanenepa hadi kifundoni ambako ndio unaobeba kiganja. Mimi nauita mfupa wa gumba, kwa sababu popote gumba linapokwenda, mwisho wake wa chini unafuata. Ukisahau kila kitu kingine, usisahau hilo.

Vile vifupa 8 vya kifundo vichore kama kipande kimoja cha sabuni iliyotumika, chenye kingo za mviringo. Kutoka hapo mifupa 5 ya kiganja inatawanyika kama miti ya feni, halafu vidole: vitatu vitatu kwa kila kidole, gumba viwili. Mstari wa vifundo vya ngumi ni upinde, haujanyooka. Kiganja kinastahili mwongozo wake, hapa tunapita.

Jambo la mwisho kuhusu mifupa: simama, ning'iniza mkono, geuza kiganja kitazame mbele. Kigasha hakishuki kwenye mstari mmoja na mkono wa juu, kinaachana na mwili kidogo kwenda nje. Kwa wanawake mara nyingi pembe hiyo ni kubwa zaidi. Mkono uliochorwa wima kama bomba unakosa hicho tu, na mtazamaji hajui kwa nini unaonekana wa sanamu ya dukani.

Hatua ya 4: geuza kiganja

Hapa ndipo bango langu lilipofia, kwa hiyo nitakawia.

Chukua penseli mbili, zifunge juu kwa mpira wa pesa, zisimame sambamba. Moja ni alna, nyingine radiasi. Shika ncha ya chini ya radiasi uipitishe juu ya mwenzake hadi ng'ambo ya pili. Alna imebaki pale pale. Radiasi imelala juu yake kama mkasi. Hivyo ndivyo kigasha chako kinavyofanya kila unapogeuza kiganja kutoka kutazama juu hadi kutazama chini. Kiwiko hakizunguki.

Ihakikishe mwilini. Weka kigasha mezani, kiganja juu. Kwa mkono mwingine bana nundu ya nyuma ya kiwiko na ule mstari mrefu wa chaki. Geuza kiganja chini. Mstari wa alna kwa juu haujaenda popote, wakati upande wa gumba umehama wote. Umbo nalo limebadilika: kiganja kikiwa juu kigasha ni kipana na bapa, mifupa iko bega kwa bega, kiganja kikigeuka kinakuwa cha mviringo zaidi na misuli inaonekana imesokotwa.

Na baisepsi? Kano yake ya chini haishiki alna. Imeshika radiasi, karibu na kiwiko, upande wa ndani. Kwa hiyo kazi yake si kukunja mkono tu, inageuza pia kiganja kitazame juu, kama unavyokaza skrubu kwa mkono wa kulia. Radiasi ikigeuzwa kinyume, kano inazungushwa nayo na msuli unavutwa. Ndiyo maana andazi lililala.

Chora kigasha kimoja mara tatu kwenye karatasi moja: kiganja juu, gumba juu, kiganja chini. Mifupa tu, kwa bluu. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja kabla hujagusa wino mwekundu. Najua inachosha.

Hatua ya 5: nenda bucha

Kwenye bucha zetu mguu wa mbele wa mbuzi tunauita mkono, na hatujakosea. Nilifika bucha moja karibu na Mbuyuni nikasema: "Kaka, naomba mkono wa mbuzi, mzima, usiupige panga."

"Mzima mzima? Una shughuli?"

"Nataka kuuchora."

Akaniangalia, akamwangalia mwenzake. "Sawa. Ukimaliza kuuchora utuletee mchuzi."

Angalia anavyoutoa. Hagongi mfupa wowote. Anapitisha kisu tu kati ya kombe na mbavu, mkono unatoka. Mbuzi hana mtulinga wa kumfunga, mkono wake umeshikwa mwilini na nyama. Mtu ana mtulinga, na kiungo chake pale kwenye kishimo cha koo ndicho kiungo pekee cha mfupa kinachoufunga mkono wote na kiwiliwili. Tangu nimeliona hilo kwa macho, sijawahi tena kuchora bega kama limegundishwa kwenye mbavu.

Nyumbani, kabla ya kuweka kwenye sufuria, uchore. Utakuta kombe bapa lenye ukingo uliosimama katikati na gegedu nyeupe juu, kisha mfupa wa mkono wa juu na bobini yake, kisha ile spana na taya lake la nyuma. Chana utando mweupe kwa kisu kidogo uone misuli inavyoachana yenyewe kama maganda ya mgomba, kila mmoja ukiwa na mfuko wake, na mwisho wake unavyogeuka kano. Vuta kano moja uone mfupa gani unacheza. Hakuna picha itakayokufundisha hivyo.

Tofauti zake nazo zinafundisha. Alna na radiasi za mbuzi zimeungana, ndiyo maana hawezi kugeuza kwato itazame juu. Na lile tunaloliita goti la mbele la mbuzi ni kifundo. Kiwiko chake kiko juu, karibu na kifua. Anatembea juu ya kucha za vidole viwili. Sisi tulibaki na mikono inayogeuka na kushika, na ushahidi wa zamani wa jambo hilo uko mkoa wa jirani: mwaka 1960 kule Olduvai ilipatikana mifupa ya kiganja ambayo ilichangia kiumbe yule kupewa, mwaka 1964, jina la Homo habilis, mtu mwenye ustadi wa mikono.

Mchuzi niliwapelekea.

Hatua ya 6: misuli, kwa wino mwekundu

Usijaze mkono kwa vimbe vimbe. Kwa kila msuli jiulize unaanzia wapi, unaishia wapi, na unavuka kiungo gani, halafu uchore juu ya mifupa ya bluu uliyokwisha kuichora.

Deltoidi, msuli wa bega, ni kama bapa la jembe lililoelekezwa chini. Kwa juu umeshika theluthi ya nje ya mtulinga, lile paa la bega, na ukingo wa kombe kwa nyuma. Ncha yake imechomekwa upande wa nje wa humerasi, karibu katikati. Nyanyua mkono pembeni utaona kishimo inapoishia. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya kifua kikuu jirani na hapo. Kosa la kawaida ni kuukatisha mapema, ukafanana na pedi ya bega ya koti la zamani.

Baisepsi ina vichwa viwili na vyote vinaanzia kwenye kombe la bega, vinapita chini ya deltoidi. Tumbo lake halifiki kwenye mkunjo wa kiwiko. Linaishia juu kidogo, halafu ni kano. Kunja mkono ushike kwenye mkunjo, utaikamata kama kamba ya kitanda. Chini ya baisepsi kuna msuli mwingine, brakialisi, unaotoka mbele ya humerasi kwenda kwenye alna. Huo ni mkunjaji halisi, haujali kiganja kimetazama wapi. Kwa nje unachungulia tu kati ya baisepsi na traisepsi, ila ukiuacha mkono unaonekana mwembamba isivyoeleweka.

Traisepsi imejaza nyuma yote, nayo ni kubwa kuliko baisepsi, jambo ambalo vijana wa jimu huwaambii wakakubali haraka. Vichwa vitatu vinakutana kwenye kano moja pana na bapa inayoshika nundu ya nyuma ya kiwiko. Mkono ukinyooshwa kwa nguvu, kano hiyo inaonekana kama uwanja tambarare uliozungukwa na umbo la kiatu cha farasi.

Kigasha kina misuli mingi na ukitaka kuichora yote utaacha sanaa. Mimi naigawa makundi matatu. Kundi la kukunja vidole na kifundo linaanzia nundu ya ndani. Kundi la kukunjua linaanzia nundu ya nje. Mpaka wao kwa nyuma ni ule mstari wa chaki wa alna, na kwa mtu aliyezoea kazi utauona kama mfereji. Kundi la tatu ni la upande wa gumba, na mkubwa wake, brakioradialisi, mimi nauita msuli wa kata. Shika kata ya mbege, gumba juu, mtu akandamize ngumi yako huku wewe unainua. Ile kamba nene inayosimama kutoka juu ya nundu ya nje hadi upande wa gumba ndiyo yenyewe. Inaanzia juu ya kiwiko, kwa hiyo mstari wa nje wa kigasha unavimba mapema, na ule wa ndani unavimba chini zaidi. Ukiweka vimbe zote mbili usawa mmoja unapata chupa ya soda.

Matumbo ya misuli haya yako karibu na kiwiko. Kuelekea kifundo ni kano tupu, na vidole vyenyewe havina matumbo ya misuli ndani. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo: kwa wengi kano moja itasimama katikati ya kifundo. Wengine hawana msuli wenye kano hiyo, kwa mkono mmoja au yote miwili, wala hawapungukiwi kitu. Kwa hiyo mchore mtu aliye mbele yako, usimpe kano asiyokuwa nayo.

Hatua ya 7: uzito na mwanga

Kabla ya kivuli, fikiria pete za mnyororo: moja imesimama, inayofuata imelala. Mkono wa juu ni mpana kutoka mbele kwenda nyuma. Kigasha karibu na kiwiko, kiganja kikiwa juu, ni kipana kwa ubavu. Kifundo ni bapa. Chora maboksi hayo kwa HB, hafifu, ndipo uvishe misuli.

Kwa ngozi nyeusi, acha tabia ya kuanza na kivuli. Umbo letu linaonekana zaidi kwenye mng'ao. Nunua bahasha kubwa za kaki, zichane, chora kwa 4B, kisha weka chaki nyeupe kwenye paa la bega, kwenye alna, na juu ya tumbo la baisepsi. Kaki yenyewe inakuwa rangi ya kati, na kazi inayochukua saa mbili kwenye karatasi nyeupe unaimaliza kwa dakika ishirini. Mishipa ya damu iweke mwisho na michache. Mkono wenye mishipa kila mahali unafanana na ramani ya mito.

Mifano ya kuchora imejaa mjini. Ukipata wapagazi wanaoteremka kutoka mlimani pale geti la Mweka, omba ruhusa, nunua soda, chora aliyenyanyua mkono kushika mzigo kichwani. Utaona kombe la bega limezunguka na ncha yake ya chini imetoka ubavuni. Mkono unaponyanyuliwa hadi juu, nyuzi 180, karibu 120 ni za kiungo cha bega na 60 ni za kombe linalozunguka. Anayenyanyua mkono bila kusogeza bega hayupo, ila kwenye mabango yetu.

Kwa kigasha, hakuna mfano unaozidi mtu anayekamua shuka. Mkono mmoja unageukia juu, mwingine chini, radiasi moja imelala juu ya alna na nyingine imenyooka, misuli ya makundi yangu yote matatu imesimama. Jumamosi moja nilimkuta jirani yangu uani na beseni.

"Shikamoo mama. Naomba nikuchore mikono ukikamua."

"Marahaba. Mikono tu? Uso umekukosea nini?"

Nikaeleza. Nikachora michoro minne ya haraka, kila mmoja sekunde thelathini, kigasha cha kushoto kikinikataa. Akachungulia karatasi yangu, akatikisa kichwa, akanipa ncha moja ya shuka. "Weka hiyo chini. Shika huku, zungusha, uone mkono unavyouma." Nikazungusha. Nikausikia ule msuli wa kata ukikaza hadi juu ya kiwiko, na upande wa alna, chini kabisa karibu na kidole cha mwisho, kitu ambacho nilikuwa sijakichora kwenye yote minne. Mchoro wa tano una alama za vidole vyenye maji.